Walinivua Ukuu, Wakanirudisha Ofisini

Siku mkaguzi wa elimu alipokuja kukagua ofisi yangu, alifungua mlango akakuta watoto thelathini na wanane wakisoma "ba, be, bi" kwa sauti ya kupasua dari.

Akaufunga. Akasoma kibao: MWALIMU MKUU. Akafungua tena.

"Mkuu yuko wapi?"

"Nipo huku, bwana mkaguzi!"

Nilikuwa barazani, meza nimeiegemeza ukutani, faili nimezikandamiza kwa jiwe zisipeperuke.

Ngoja niwaeleze, msije mkadhani nilikuwa nimechanganyikiwa.

Upepo ulikuwa umeezua paa la darasa la kwanza. Niliandika barua tatu kwa wakubwa. Kimya. Watoto wakawa wanasomea barazani, mvua ikija wanakumbatia madaftari. Na mimi ndani nina zulia, mapazia na makochi ya wageni ambao hawaji. Niliona aibu, kusema kweli. Nikatoa makochi, nikaingiza madawati.

Msaidizi wangu, ambaye walimu walimwita Protokali kwa kupenda kwake itifaki, alinuna wiki nzima.

"Mama, heshima ya shule ni ofisi ya mkuu."

"Basi waache watoto waikalie hiyo heshima."

Ndiye aliyempigia mkaguzi simu. Hata hakukataa.

Mkaguzi akanipa mpaka Ijumaa: nirudi ofisini, la sivyo navuliwa cheo.

"Mkuu bila ofisi ni mkuu gani?"

"Ni yule ambaye watoto wake hawanyeshewi. Andika hivyo hivyo, na jina langu usilikosee."

Msinione jasiri. Miaka ishirini na miwili kazini, cheo nilikitafuta na nilikipenda. Lakini Ijumaa ilifika nikiwa palepale barazani.

Jioni ikaja barua. Protokali ndiye mkuu mpya. Mwalimu wa darasa la kwanza anahamishwa, na mimi nashushwa nikashike nafasi yake.

Niliisoma mara mbili, nikacheka mpaka machozi. Darasa la kwanza liko wapi? Si ofisini kwangu!

Jumatatu nikaingia na chaki yangu. Nje mvua inamwagika. Punde mlango ukafunguliwa: Protokali, tai mpya shingoni, walimu wote nyuma yake.

"Samahani, Mama. Jamani, toeni madawati."

Hakuna aliyesogea. Mwalimu wa michezo, mtu wa miraba minne, akakunja mikono.

"Anza wewe, Mkuu. Sisi tutafuata."

Protokali akanitazama. Mimi huyo, naendelea kuandika ubaoni.

Akashika dawati la mbele, akaliinua upande mmoja. Kibinti kilicholikalia hakikushuka, kiling'ang'ania penseli yake tu.

"Mwalimu, tunaenda wapi?"

Akatazama nje. Maji yalikuwa yanapiga mpaka ukutani. Kisha akaliteremsha dawati taratibu na kulinyoosha lilingane na mengine. Hata hapo protokali haikumtoka!

"Mama," akaninong'oneza, "ile meza yako ya barazani bado ipo?"

"Ipo. Kaa upande wa kushoto, kulia kunavuja."

Muhula uliofuata akaja mkaguzi mwingine, mgeni kabisa shuleni kwetu. Akapita barazani haraka na mwavuli wake, akafungua mlango wangu.

"Namtafuta mwalimu mkuu."

"Umempita hapo nje. Yule aliyelowa viatu."

Cheo sijarudishiwa, na sijaomba.

Wewe uliye mkuu wa popote pale, sikia: walimu hawafuati kibao cha mlangoni. Ukitaka watu wabebe dawati, shika upande mmoja kwanza. Na ukishalishika ukaona aibu, lirudishe chini.

Anayebisha aje tubishane ana kwa ana. Ofisi yangu anaijua, ila atakaa sakafuni, madawati yamejaa.