Kitambaa cha Mtu wa Pampu

Vilianza kupotea vitambaa vya jikoni. Cha kwanza kilikuwa cha kufutia vyombo, na Mama Vikombe akadhani amekisahau kwenye kamba. Akanunua kingine, nacho kikaenda kusikojulikana. Akaanza kuwatazama majirani kwa jicho la pembeni, Mungu amsamehe, mpaka asubuhi moja alipomkuta mwizi wake amesimama kando ya friji. Kitambaa kilikuwa katika mkono mmoja, mgongo wa kiganja kingine umelazwa juu ya bati, kichwa kimeinama kusikiliza friji inavyonguruma. Mwizi alikuwa mume wake.

"Hii inakwenda vizuri," mzee akamwambia kwa sauti ya kumtuliza mgeni. "Joto lake la kawaida."

"Vizuri. Sasa nirudishie kitambaa changu."

"Siwezi. Sijapokewa bado."

Ngoja kwanza nikueleze hawa ni akina nani, usije ukadhani ni vichekesho tu. Walikutana kwenye kituo cha kufua umeme. Usiniulize umeme unafuliwaje, mimi ninachojua ni kwamba wakubwa waliufua umeme, na ovaroli za mzee zilizojaa grisi alizifua mkewe. Mzee alikuwa mtu wa pampu. Hakuwa injinia wala fundi mkuu, na picha yake haikuwahi kutundikwa ukutani. Alikuwa chini kabisa, kwenye ukumbi wa pampu zinazosukuma maji ya kupoza mitambo, akizizungukia kutwa, akizigusa moja moja kwa mgongo wa kiganja kuona kama zimeshikwa na homa, akiziongezea grisi, akifuta mafuta yaliyovuja. Ukiwasha taa nyumbani kwako humfikirii mtu wa namna hiyo, na yeye wala hakutaka umfikirie.

Mkewe alikuwa kantini. Jina la Mama Vikombe alilipata kwa jasho lake, maana mfanyakazi akitoka na kikombe cha kantini, mama huyu alimfuata mpaka ndani kwenye mitambo, akakidai mbele ya wakubwa kwa sauti inayoshinda kelele zote za mle. Aliyerudisha kikombe bila kufuatwa alikuwa mmoja tu, mtu wa pampu, tena alikirudisha kimeoshwa. Wengine hupendana kwa maneno matamu. Hawa walipendana kwa kikombe kisafi, na kimedumu.

Sasa kule kwenye pampu walikuwa na desturi yao. Mtu wa zamu haondoki mpaka apokewe. King'ora kinaweza kulia mpaka kikaukwe na koo, zamu haiishi kwa king'ora. Anayeingia na anayetoka huzunguka pamoja, wanaigusa kila pampu, anayetoka anaeleza hali yake, hii nzima, ile ina mlio, na anayeingia hujibu kwa kila moja, "Nimepokea." Mwishoni anayetoka hutoa kitambaa chake cha grisi akamkabidhi mwenzake. Mwenye kitambaa ndiye mwenye zamu. Kabla ya hapo hata kukaa chini ni mwiko.

Mama Vikombe aliichukia desturi hiyo kama mke mwenza. Siku alipojifungua binti yao, mumewe alimkuta mtoto ameshaogeshwa, ameshanyonya, na bibi yake ameshampa jina, kwa sababu kijana aliyetakiwa kumpokea zamu alichelewa. Kijana huyo walimwita Kobe, na unaona mwenyewe hawakumwonea.

"Ulinioa mimi au ulioa pampu?" mama alimuuliza kutoka pale kitandani.

Mzee alisimama mlangoni ananuka mafuta, machozi yanamtiririka. "Ningeziachaje bila mtu?" akasema.

Hebu niambie, mwanamke gani atalisahau jibu kama hilo?

Miaka ikaenda. Mama akastaafu kantini, mzee akabaki na pampu zake, na taratibu akili ikaanza kumtoka. Kwanza majina ya watu, halafu njia za ndani ya kituo. Siku moja msimamizi alimkuta katikati ya ukumbi analia, hajui mlango uko upande gani. Wakamshika mkono kwa upole, wakampandisha gari, wakamleta nyumbani zamu ikiwa nusu. Baadaye wakamfanyia sherehe ya kumuaga, nzuri kweli, hotuba, soda, na zawadi ya kiti cha kupumzikia chenye mito minene. Kila kitu walifanya, jamani, isipokuwa kimoja. Hakuna aliyekichukua kitambaa. Mzee alirudi nacho mfukoni, na mkewe alipokiona kimelowa grisi alikitupa kwenye takataka, bila kuwaza mara mbili.

Basi tangu siku hiyo mzee yuko zamuni.

Alizunguka nyumba kutwa nzima na kitambaa alichokiiba jikoni, kutoka friji kwenda kwenye tangi la maji uani, kutoka tangi kwenda kwenye bomba la kuogea. Kiti chenye mito alikikalia paka. Na mchana, king'ora cha kituo kilipolia kule ng'ambo ya barabara, mzee alikwenda mlango wa uani akasimama wima kumngoja wa kumpokea. Hakuna aliyekuja. Alisimama hapo mpaka jua linazama, magoti yanamtetemeka, na ukimwambia kaa anakutazama kama umemtukana.

Miguu ikavimba. Daktari akasema mchana mzee alale, miguu iinuliwe, la sivyo itatoka vidonda visivyopona. Ni rahisi kusema. Mama Vikombe alibembeleza, akagomba, akaficha vitambaa vyote, na mzee akalia kama mtoto mpaka mama akavirudisha mwenyewe. Siku moja akajaribu ujanja.

"Haya, mimi nimekupokea. Lete kitambaa, ukalale."

Mzee akaitazama aproni ya mkewe, akatabasamu kwa huruma. "Mama, wewe ni wa kantini. Ukishika pampu, chai atapika nani?"

Mama alicheka. Halafu akaenda nyuma ya tangi akalia.

Binti yao alipokuja kutembea, aliibonyeza miguu ya baba yake, kidole kikaacha shimo. Akamvuta mama yake jikoni. "Mama, nitamchukua. Kule nilipo kuna nyumba ya wagonjwa kama yeye. Kuna wauguzi, milango inafungwa, atapewa dawa ya kumlaza."

"Afungiwe kama mbuzi?"

"Atunzwe kama mgonjwa. Na wewe je? Umejitazama kwenye kioo hivi karibuni?"

Hakuwa mtoto mbaya, msimseme. Alikuwa anaona wazazi wawili wanazama na ana mikono miwili tu. Wakakubaliana hivi: atarudi mwisho wa mwezi na gari. Akikuta baba analala mchana na miguu imepungua, atamwacha. Akikuta bado anasimama, ataondoka naye. Mama Vikombe aliitikia. Ila hakujua atalalaje katika nyumba ambayo mzee hayumo.

Siku chache baadaye Kobe akapita kusalimia. Siku hizi ni msimamizi wa zamu, mvi zimemjaa, ila bado anatembea kama anayehesabu mawe ya njia. Alikuwa anatoka kazini na ovaroli yake, na kofia ngumu kwapani, akapitia mlango wa uani, na king'ora kilikuwa kimelia muda si mrefu.

"Umechelewa," mzee akasema.

Kobe akafungua mdomo aseme amekuja kusalimia tu. Akakiona kitambaa. Akaiona miguu. Mama Vikombe, aliyekuwa dirishani, alimwona anavaa kofia polepole.

"Niwie radhi, kaka. Nimefika. Nizungushe."

Wakazunguka. Friji, nimepokea. Tangi, nimepokea. Bomba, nimepokea. Mzee akakikunja kitambaa vizuri, akamkabidhi, akashusha pumzi ndefu ambayo nadhani aliibeba tangu siku ile ya gari. Akaenda kwenye kiti chake, akamfukuza paka, akainua miguu, akalala fofofo.

"Shemeji," Kobe akanong'ona, na macho yake yameloa, "sisi hatukumpokea yule mtu."

Kobe akawa anapita kila mchana akitoka kazini. Tena kwa wakati, ajabu ya mwaka! Miguu ikaanza kupungua, na Mama Vikombe akaanza kuimba tena jikoni, vibaya kama kawaida yake. Lakini raha haiji peke yake, huja na karaha. Kituoni wakaufungua mtambo mkubwa kwa matengenezo, na Kobe akaambiwa hatoki mle mpaka ufungwe. Akaja asubuhi na ovaroli ya akiba na kofia yake ya zamani, akavitundika kwenye msumari wa jikoni.

"Shemeji, maneno unayajua."

"Mimi? Nivae hayo nimchezee mume wangu maigizo? Ng'o! Sijawahi kumdanganya. Hata chumvi ikinizidi namwambia."

"Nani amesema umdanganye?" Kobe akajibu. "Mpokee kweli."

Mama akabetua midomo, akarudi kwenye masufuria yake. Siku ya kwanza mzee alisimama mpaka jua likazama. Siku ya pili vilevile, na miguu ikarudi kuvimba. Ya tatu ndiyo siku binti alikuwa anakuja na gari. King'ora kikalia. Mzee akajikokota mpaka mlangoni, akaushika mwimo kwa mkono mmoja, kitambaa kwa mwingine, na goti moja likakunjika akalirudisha kwa nguvu. Mama Vikombe akapiga moyo konde, akavua aproni, akaitundika msumarini na kuitoa ovaroli.

Ilinuka mafuta. Harufu ileile aliyogombana nayo kila alipofua. Aliivaa, akakunja mikono iliyokuwa mirefu mno, akatia kofia, akatoka mlango wa mbele ili azunguke nyumba aingie kwa uani kama inavyotakiwa. Jirani aliyekuwa anaanika nguo akabaki mdomo wazi.

"Mama Vikombe! Umeajiriwa?"

"Ndiyo, na nimechelewa."

Akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi. Mzee akamtazama. Akamtazama sana, kofia, ovaroli, uso.

"Umechelewa," mzee akasema.

"Niwie radhi, mwenzangu. Nimefika. Nizungushe."

Mzee akaanza na friji. "Hii nzima. Ikinyamaza usishtuke, inapumua tu."

"Nimepokea."

"Tangi linadondosha chini pale. Usilikaze kwa nguvu, litapasuka."

"Nimepokea."

"Bomba halina neno."

"Nimepokea." Akanyoosha mkono apewe kitambaa.

"Bado moja," mzee akasema.

Mama akashangaa. Kwa Kobe haikuwahi kuwepo nyingine. Mzee akamwongoza jikoni, anaburuta miguu, mpaka kwenye msumari ilipotundikwa aproni. Akaweka mgongo wa kiganja juu yake, taratibu, akasikiliza.

"Na huyu wa kantini," akasema. "Huyu ana kelele, lakini kelele zake si ubovu. Akinyamaza ndipo uogope. Siku hizi ananyamaza. Analia nyuma ya tangi, anadhani sisikii. Mwangalie asisimame sana. Mimi nilimchelewesha mara nyingi kwa ajili ya hizi pampu." Akamgeukia yule mpokeaji wake mwenye kofia kubwa, uso umemjaa wasiwasi. "Sikutaka kuondoka kabla hajapata wa kumwangalia. Ningemwachaje bila mtu?"

Mama Vikombe alitaka kujibu, sauti ikagoma. Yeye, aliyekuwa anashinda mitambo kwa kelele! Mzee akangoja, maana bila neno hilo zamu haitoki. Mwishowe akalipata.

"Nimepokea."

Mzee akampa kitambaa. Akaenda kwenye kiti, akamfukuza paka, akainua miguu.

Binti alipoingia alimkuta baba anakoroma, na mama yake amekaa sakafuni kando ya kiti, kavaa ovaroli ya kiume na kofia ngumu, macho mekundu, kitambaa mkononi. Nje gari lilikuwa linanguruma, dereva akiwa ndani.

"Mama, umevaa nini?"

"Punguza sauti. Niko zamuni."

Akamsimulia yote kwa kunong'ona, mpaka ile ya aproni. Binti akaitazama miguu ya baba yake juu ya mto, bado imevimba, lakini imetulia. Hakuibonyeza. Akatoka nje, na mama akasikia mlango wa gari unafungwa, na gari linaondoka bila abiria. Binti akarudi na mkoba wake wa nguo, akauweka chini.

"Na wewe, mama," akauliza, "nani anakupokea?"

Mama Vikombe akakitazama kitambaa mkononi. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Simama unizungushe," binti akasema.

Wakaenda kwenye friji, wakaenda kwenye tangi na bomba, na binti akajibu kila mahali kama inavyotakiwa, bila kucheka. Mwisho wakarudi kwenye kiti. Mama akaweka mgongo wa kiganja kwenye paji la uso la mzee.

"Huyu anakwenda vizuri," akasema. "Joto lake la kawaida."

"Nimepokea."

Mama Vikombe akampa kitambaa, akaenda chumbani, akalala na ovaroli yake vivyo hivyo.