Zima, Uwashe

Fundi wa kompyuta wa ofisi yetu hakai. Anakuja na kikombe chake cha chai, anasimama nyuma ya kiti chako, anakupumulia kisogoni, na kabla hujamaliza kueleza ameshasema, "Zima, uwashe." Sauti yake ni ya upole, ile ya kumbembeleza mtoto alale, na ndiyo hasa inayonipandisha mori. Kidole chake kinagusa kioo, kinaacha alama ya mafuta, halafu huyoo, kaondoka. Ukimfuata atakwambia upeleke malalamiko kwa barua pepe. "Kaka, barua pepe ndiyo haifunguki!" "Utaratibu ndio huo, dada."

Jana nilimzibia njia mlangoni. Hospitali ilikuwa imenitumia kwa barua pepe tarehe ya mama ya kupasuliwa, simu yao haipokelewi, na mama hakuacha kunipigia: "Mwanangu, wamesemaje?" Basi kwa mara ya kwanza nikamwona fundi anakaa. Akatua kikombe juu ya makaratasi yangu, akavunja vidole, ko, ko, akabofya hapa na pale huku akipiga mluzi. "Tayari. Ilikuwa imejaa mno, nimeifuta yote. Ona inavyofunguka upesi!" Nikaona. Ilifunguka upesi kweli, nyeupe pe, haina ujumbe hata mmoja. Simu yangu ikaanza kuita. Mama. Fundi akanyanyua kikombe chake, akanipigapiga begani: "Sasa nitumie barua pepe, useme umehudumiwa vizuri."