Waliambia Anastasie Dawa Iko

Bibi niliyeoa, Anastasie, alizaliwa kijiji ya Fataki, na alipenda kufia Fataki. Hakufia kule. Iko mutu aliyemuzuia, na jina lake nitaisema.

Anastasie alikuwa mulimaji. Viazi, maharagi. Soko ya Bule walimujua juu ya sauti. Akikuuzia maharagi yenye mawe alikucheka, ukirudi kulalamika alikucheka tena. Siku nilienda kumuposa aliuliza baba yake mbele yangu: "Huyu wa miguu ya kuku ndiye atanilimia?" Nilimulimia mpaka nywele zetu zote zikawa nyeupe.

Vita ilitutoa kule. Tukaja Bunia, mu mutaa ya Bigo, nyumba ya miti na udongo. Pale ndipo macho ilianza kumuacha. Kwanza usiku, jua ikishuka anagonga kila kitu. Kisha akawa anaona mbele tu, sawa mutu anachungulia mu bomba. Kisha hakuna. Lakini macho yenyewe ilibaki safi, nyeusi, inang'aa. Watu wakasema anajifanya. Mama mumoja alipitana naye ku maji, hakusalimiwa, akatangaza mu quartier nzima: "Ule wa Fataki iko na kiburi, ananiangalia sawa mbuzi." Nilimufuata mpaka kwake, nikamuambia yale nilimuambia.

Munganga wa hospitali alitueleza: jicho ya mbele iko muzima, ni ngozi ya nyuma, ile inapokeaka mwangaza, ndiyo ilikufa. Dawa hakuna. Siku ile yote Anastasie aligusagusa ukuta ya nyumba. Asubuhi akasema: "Basi, baba Michée, funga kamba."

Michée ni mutoto wetu. Vita ilimukula.

Nikafunga kamba toka mulango mpaka jikoni, toka jikoni mpaka choo. Akaifuata na mukono. Haikukawia akawa anapika pake yake, anachagua maharagi na vidole, na akikuta jiwe ananitukana miye, sawa vile niliiweka.

Ilikuwa wakati wa ile amani ya kulala na viatu. Bunduki zilinyamaza, barabara ya Djugu ilifunguka, watu wa kwetu walianza kurudi kidogo kidogo. Nikasema tuende. Shamba ya baba yake ilikuwa pale, hakuna mutu aliishika. Anastasie akakubali mara moja. "Miguu yangu inajua ile shamba. Macho ni ya nini?" Tukangoja tu mvua ipunguke.

Pale ndipo Floribert alikuja.

Floribert ni mutoto wa Rebecca, ndugu mudogo wa Anastasie. Alisoma chimie, akaenda Ulaya, anatumika mu laboratoire, kule wanajaribu dawa. Alikuja kusalimia familia, na viatu vyeupe mu matope ya Bigo. Anastasie alimuuliza kazi yake ni nini.

"Mama mukubwa, mwili ya mutu ni vijumba vidogo vidogo, huwezi kuviona."

"Miye hata kubwa sizioni."

Akacheka. Akasema kila kajumba kako na ngozi, na ku ile ngozi kuko milango. Chumvi inapita mu milango, inaingia, inatoka, na ile kupita ndiyo habari inafika ku kichwa.

"Chumvi ya kupika?"

"Ile, na ndugu zake."

"Basi miye niko muzima. Uliza papa yako mukubwa namna anakunywa maji akikula mboga yangu."

"Chumvi haikosi, mama mukubwa. Milango ndiyo imefungwa."

Akasema wao wanatengeneza kitu kidogo kupita vumbi, kinashika ku mulango. Mwangaza ikikipiga, kinajikunja, mulango inafunguka, chumvi inapita. Giza ikirudi, kinajinyoosha, mulango inafunga. Wanakitia mu jicho, ku vijumba vilivyobaki vizima. Vile kichwa kinajua tena: huku mwangaza, huku giza.

Anastasie aliacha maharagi. Akauliza polepole: "Dawa iko?"

"Iko, mama mukubwa."

Akamaliza chai yake, akaenda zake, akapanda ndege.

Asubuhi nilikuta Anastasie anafungua kamba.

"Unafanya nini?"

"Ya nini tena? Dawa iko."

Akaketi inje, uso ku jua, macho wazi. Alisema macho isisahau mwangaza mbele ya dawa kufika. Mvua ikapunguka. Nikamuambia twende. Akasema hapana, hatarudi Fataki sawa muzigo wanashusha ku gari. Atangoja, ataona viazi yake ikitoa maua. Ku kanisa alitoa ushuhuda. Ule mama wa kiburi akaja kuomba musamaha na mayai. Magari ya watu wetu yalikuwa yanapanda na majembe na mbegu, wananiitia toka juu: "Muzee, bado?"

Bado. Na sasa choo nilikuwa namupeleka na mukono.

Nilipiga Floribert telefone.

"Dawa ya mama yako mukubwa iko wapi?"

"Dawa gani, papa?"

"Ile ulimuambia iko."

"Papa, iko ku laboratoire. Ni ya panya. Tulitia mu macho ya panya kipofu, ikaanza kukimbia mwangaza. Ku watu, bado. Pengine miaka mingi. Pengine haitafika."

"Mbona ulisema iko?"

"Aliuliza kama iko. Na iko kweli."

"Floribert. Mutu akifika ku duka, akauliza chumvi iko, unamujibu iko, kumbe iko Ulaya?"

"Sikupenda kumuvunja roho."

Nilimuambia Anastasie magaribi ile. Hakukubali. "Weye hukusoma. Mutoto alisoma. Nani anajua?" Kinywa ya Floribert ndiyo ilimufunga, kinywa ya Floribert tu ingemufungua. Nikamuambia Floribert apige mwenyewe. Akaahidi Jumapili. Kisha Jumapili ingine. Kisha kazi mingi. Kisha reseau ya telefone imekatika. Mwaka ikaisha vile, na barabara iko wazi, na shamba iko inangoja.

Mwishoni alipiga. Nilishika telefone ku sikio ya Anastasie. Floribert aliongea murefu, Anastasie anasikiliza tu. Kisha akamuambia: "Ungeanza na panya, mutoto wangu." Akanirudishia telefone.

"Baba Michée, kesho tunaenda."

Tulipata nafasi mu Fuso. Kupita Iga Barrière gari ikasimama. Mbele, watu walikuwa wanateremuka, wamejaza barabara.

"Ni nini?"

"Watu."

"Wanabeba nini?"

"Magodoro. Watoto."

Niliuliza mwanamuke mumoja wanatoka wapi. Hakusimama. "Fataki. Bule. Huko yote. Wanachoma." Dereva akageuza gari. Anastasie alikaa juu ya gunia, uso kule kwao, mpaka tukafika Bigo.

Toka ile siku hakuomba kamba. Nilimufungia, hakuishika. Homa ilimukuta mu mvua iliyofuata, na alikuwa amekwisha kuacha kupigana. Tulimuzika hapa Bunia, mu udongo ya watu wengine.

Floribert alikuja ku kilio. Wakati ya kutupa udongo mu shimo nilimushika mukono, nikamuambia hapana, si weye. Rebecca akanifokea mbele ya wote.

"Shemeji, unachukia mutoto juu ya neno moja? Na ile neno iliwaokoa. Mungekuwa kule, wangewachoma."

Wengi wananiambiaka ile. Padri pia. Na ni kweli, pengine wangetuchoma. Lakini Anastasie hakuomba kuokolewa. Aliomba kwao. Amani ilikuwa kidogo, siye tulijua ni kidogo, na ile kidogo yetu yote alikula akiketi inje ya nyumba, uso ku jua.

Nikamuambia Rebecca: "Angekula viazi vyake musimu mbili."

"Kisha akufe?"

"Kisha akufe. Kule."

Akasema miye niko muzee wa wazimu. Floribert alifungua kinywa. Nilimuambia afunge.