Mlima Aliousema Marehemu

Jumatano ya mwisho ya mwezi wa tano, kabla ya adhuhuri, mume wangu alianguka akiosha gari mbele ya nyumba tunayofanyia kazi, Al Thumama. Yeye alikuwa dereva, mimi mpishi. Alizikwa kesho yake, hapahapa Doha. Sisi wanawake hatukwenda makaburini. Nilikaa eda katika chumba chetu cha uani, na kupika niliendelea, kwa sababu jiko lina mlango wake na wanaume hawaingii.

Mama mzazi wa bwana wa nyumba, ambaye sote tunamwita Mama Mkubwa, miguu yake haimbebi tena. Kila kiangazi familia humpeleka Granada, Uhispania, akaone kasri la kale la wafalme wa Kiislamu. Aliyekuwa akisukuma kiti chake cha magurudumu huko ni mume wangu. Mwaka huu bwana wa nyumba alisema watakwenda, lakini mama atabaki hotelini, maana dereva mpya hajui njia.

Mama Mkubwa hakubishana na mwanawe. Alikuja jikoni na kiti chake.

"Wewe unaijua njia," aliniambia kwa Kiarabu. "Mumeo alikuwa akikupigia simu kutoka huko kila siku. Mfundishe huyu dereva mpya. Mimi sina miaka mingi ya kungoja."

Ni kweli alikuwa akinipigia. Ulaya sijafika, lakini kasri lile nimesimuliwa mpaka nalijua. Sikuwa naamini yote. Marehemu alipenda kutia chumvi.

Dereva mpya ni Mkenya wa Nakuru. Kwetu Tanga mwenye eda haonekani na mwanamume asiye maharimu wake, basi yeye alikaa kwenye ngazi ya nje ya jiko, mimi nikakaa ndani, mlango ukabaki wazi kidogo. Mama Mkubwa aliwekwa katikati na kiti chake, akawa ndiye shahidi.

Nilimwambia kama nilivyoambiwa. Pasipoti ya kila mtu iwe mkononi, si ndani ya begi, kwa sababu wanaitazama mlangoni. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ndiyo saa ya kuingia kwenye kasri la ndani, ukichelewa mno hawakupokei. Penye mawe ya duara geuza kiti, umvute kinyumenyume. Maji mpe kidogo kidogo, vyoo viko mbali.

"Na usimsukume kutoka mjini," nikasema. "Panda teksi mpaka lango la juu. Pale katikati pana mlima."

"Mlima wa aina gani, dada?"

"Mlima. Marehemu alisema unakata pumzi."

Akacheka. "Dada, usinichukie, lakini nyinyi watu wa pwani kijiko kikiegemea sahani mnaita mlima. Mimi nimezaliwa kwenye mlima, bana."

Nilicheka kidogo nami. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Mama Mkubwa akauliza tunacheka nini, nikamfasiria, akasema, "Mwambie asukume, asicheke." Akasukumwa uani juu ya kokoto, kwanza mbele, kisha kinyumenyume. Alipovutwa kinyumenyume uso wake ulielekea mlango wangu. Jioni alimwita mwanawe akamwonyesha. Bwana wa nyumba akakubali. Tiketi zilikuwa zimenunuliwa tangu zamani, moja kwa jina la marehemu. Akamnunulia dereva nyingine.

Siku yenyewe nilikuwa nachambua mchele simu ilipolia. Ilikuwa simu ya picha. Nikaziba kamera yangu kwa kidole, nikapokea. Niliona miti, ukingo wa mawe na jasho la dereva. Bwana wa nyumba alikuwa ametangulia na watoto kwa teksi. Huyu aliona hoteli iko karibu na kasri, ramani ya simu ikaonyesha njia fupi, akaamua kusukuma.

"Dada," akasema, na pumzi hana. "Kijiko chenu kimenishinda."

"Mko wapi?"

"Kwenye miti. Juu sipaoni, na chini siwezi kumrudisha, kiti kitanitoroka. Saa ya tiketi imekaribia kabisa."

Nyuma yake nilimsikia Mama Mkubwa akimwuliza, kwa Kiarabu, kama Nakuru ni tambarare. Hakumwelewa, na mimi sikumfasiria.

Nikakumbuka. Mwaka wa kwanza marehemu naye alisukuma, naye alishindwa. "Usiende juu wala chini," nikamwambia. "Funga breki, simama mbele ya kiti, unyooshe mkono. Teksi zinapita hapo kwenda juu. Yeye alifanya hivyo hivyo."

"Na kama hazipiti?"

"Alisema zinapita."

Nikasikia gari kabla simu haijakatika.

Nikarudi kwenye mchele, lakini sikuwa nautazama. Kama teksi hazipiti, nilikuwa nimemwacha mama wa watu kwenye mteremko kwa maneno ya mtu aliyependa kutia chumvi.

Alipopiga tena, sikumwona yeye. Niliona ua mweupe wenye nguzo nyingi nyembamba, na katikati simba wa mawe wamebeba beseni la maji. Ni wadogo, na nyuso zao kama za mbwa. Hilo nalo marehemu aliniambia, na nilimbishia.

"Tuliingia wa mwisho," dereva akasema. "Marehemu hakutia chumvi, dada. Ule ni mlima."

Kisha simu ikashikwa na mkono mwingine, picha ikawa ya paja na kitambaa cheusi. Mama Mkubwa akauliza, "Alikuwa akiniweka wapi hapa? Nimesahau."

"Upande wenye kivuli, mama. Karibu na nguzo, maji uyasikie na watu wasikugonge miguu."

Mkono wake ukapita mbele ya kamera, ukimwashiria dereva. Magurudumu yakalia juu ya mawe, kisha nikasikia breki ikifungwa, ya kushoto na ya kulia.