Narcisa Hasubiri Uchungu Kupanda Quito

"Ukifia huko juu, nani ataishusha hiyo maiti?" Eufemia anauliza bila kuinua macho kutoka kwenye muhogo anaoumenya.

"Nipakieni na viazi. Malori yanashuka kila siku," anajibu dada yake, Narcisa Tomalá, akikata vitunguu.

Jua la Guayaquil, pwani ya Ecuador, halijachomoza, lakini madereva wa mabasi wameshajaa kwenye kibanda chao karibu na kituo kikuu. Wanataka supu ya jodari na muhogo, vitunguu vya ndimu juu yake. Narcisa ameipika hapa tangu bintiye Yadira akiwa ananyonya. Siku njema hubaki na dola ishirini na tano. Siku ya mvua hubaki na supu.

Ugomvi umeanza kabla ya moto kuwaka. Yadira ameolewa Quito, mji mkuu, kule milimani, na ana mimba ya kwanza. Kwa desturi, mama mzazi humlea mwanawe siku arobaini baada ya kujifungua. Humfunga tumbo, humpikia mchuzi wa kuku wa kienyeji, humkataza maji baridi. Asipokuwapo, mama mkwe hushika nafasi.

"Na akishaishika haiachii," Narcisa anasema.

Tatizo ni soroche, maradhi ya miinuko. Wakati wa harusi ya Yadira, Narcisa alifanya kosa la watu wa pwani. Alipanda Quito kwa basi la moja kwa moja, akashuka, akala sinia la wali na kaa aliowabeba kutoka nyumbani, kisha akapanda ngazi za kanisa mbio kwa kuwa alikuwa amechelewa. Ndoa hakuiona. Alilala kwenye chumba cha nyuma, kichwa kikipasuka, akitapikia ndoo ya maua.

"Mama mkwe wake, Rosario, akaja kunijulia hali," anasimulia. "Akasema, 'Nyinyi wa pwani tunawaita nyani. Nyani hupanda miti, imekuwaje kilima kikushinde?'"

Madereva wanacheka. Yeye hacheki.

Safari hii amepanga kupanda kwa vituo. Atalala Bucay, chini ya mlima. Kisha atakaa siku chache Alausí kwa binamu yake, ale kidogo, atembee polepole. Ndipo aingie Quito.

Eufemia anaona huo ni upuuzi. "Mimba bado wiki tatu. Subiri uchungu uanze, panda basi moja, ufike. Ukikaa huko miezi miwili, wateja wote watahamia kibanda cha Chalén hapo jirani."

"Nikisubiri uchungu nitapanda kama siku ya harusi. Mjukuu anazaliwa, bibi yuko kwenye ndoo."

"Basi usiende kabisa. Mama mkwe naye ana mikono."

Narcisa anaweka kisu chini. Kabla hajajibu, simu inaita. Ni Yadira, na kibanda kizima kinasikia.

"Mama, daktari anasema huenda mtoto akawahi. Lakini usijisumbue, Mama Rosario ameshaleta vitambaa vya kunifunga."

"Vya nani?"

"Vyake. Vya sufu."

"Mwambie avikunje."

Anakata simu na kuvua aproni.

"Unakwenda wapi?" Eufemia anauliza.

"Bucay."

"Leo? Na supu?"

"Si unaogopa wateja watahama? Wahudumie."

Anamgeukia dereva aliye mezani. "Wilmer, basi lako la Bucay linatoka saa ngapi?"

"Nikimaliza bakuli, mama."

Narcisa analivuta bakuli na kulimwaga. "Umemaliza."

Anavuta begi chini ya meza. Limekuwa pale tangu Jumapili. Juu yake amefunga sufuria ya presha, kwa sababu huko juu maharage hayaivi kwenye sufuria ya kawaida. Anasema anataka jambo moja tu: mkono wa kwanza kumfunga Yadira tumbo uwe wake.

Eufemia anamfuata hadi mlangoni mwa basi, mwiko mkononi, bado akibishana. Narcisa ameshapanda, amekaa nyuma ya Wilmer, anamwambia awashe.