Mmeshafika Kwangu, au Bado Mko Kwenye Uumbaji?

Wali ulipoa mezani kwangu kwa sababu watu wazima walikuwa wanabishana kama Mungu alikuwa peke yake alipoumba dunia. Hadi leo nikikumbuka, damu inanichemka. Na haukuwa wali wa kubabaisha. Ulikuwa mpunga wa shamba langu mwenyewe la Ikolo, uliokobolewa kwa mashine ambayo mota yake niliisuka nyaya kwa mikono hii. Kuku walikuwapo, samaki walikuwapo, ndizi za nyama zilikuwapo. Wageni walikuja kumposa binti yangu wa kwanza.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana siku ile kila mtu alijifanya hanijui. Niliondoka Kyela na elimu ya darasa la saba. Nikavuka mpaka, nikabeba marobota ya nyaya Malawi, kisha Zambia, kisha Afrika Kusini, na huko nikasoma jioni baada ya kazi mpaka nikapata diploma ya umeme. Hakuna mjomba aliyenisomesha, hakuna kanisa lililonichangia. Nikarudi, nikajenga nyumba ya vigae, diploma nikaitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni juu ya televisheni. Mashine ya mpunga ikizima katikati ya msimu, ninayepigiwa simu ni mimi. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na kama ni kujisifu pia, nimeyafanyia kazi.

Kijana aliyemtaka binti yangu ni wa Lyulilo, kule ziwani. Baba yake anavua, mama yake anafinyanga vyungu. Sikuwa na neno nao. Kijana ana kazi, ana adabu, na binti yangu akitajiwa jina lake hawezi kuficha meno. Kulikuwa na jambo moja tu. Wao wanasali katika kanisa linalofundisha kwamba Mungu ni mmoja, hana nafsi tatu, na linabatiza kwa jina la Yesu pekee. Sisi ni wa kanisa la zamani, la babu zetu, la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Mke wangu anaongoza kwaya ya akina mama humo. Nilijua tofauti hiyo. Nikajiambia Biblia ni ile ile, watu watakula, ng'ombe wa mahari watazungumzwa, basi.

Walifika mchana, wamebanana kwenye bajaji mbili, vyungu vya zawadi wamevipakata kama watoto wachanga. Baba wa kijana akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ndaga, tata," akasema, yaani asante, baba. Tukaketi, chakula kikaja. Kwetu wageni wa posa hawaanzi maneno kabla hawajala, na chakula hakiliwi kabla hakijaombewa. Kwa heshima nikampa mshenga wao aombe.

Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Alianza vizuri. Kisha akasema, "Wewe uliyeumba mbingu na nchi peke yako, bila wa pili, bila wa tatu, kwa jina la Yesu."

Upande wao wakaitika amina. Upande wetu kimya.

Nilifungua macho nikamwona mzee wetu wa kanisa, niliyemwalika mwenyewe awe msemaji wetu, amefumbua yake zamani.

"Amina hiyo mimi siitoi," akasema. "Huyo wa tatu amemtoa nani?"

"Sijamtoa mtu, mzee wangu. Nimeomba tu."

"Umeomba au umetuhubiria? Rudia vizuri watu wale."

"Ningejua hapa sala zinakaguliwa kama magari barabarani, ningekuja na leseni."

Vijana wao wakacheka. Mzee wetu hakucheka. Akasimama, akaomba upya kwa majina yote matatu, akiyatamka polepole kama mtu anayepigilia misumari. Safari hii sisi tukaitika amina, wao wakatazama mikono yao.

"Sasa tunakula kwa sala ipi?" shangazi yangu akauliza kwa sauti. "Kuku huyu ameombewa kama marehemu."

Hapo ndipo Biblia zilipotolewa mikobani. Mzee wetu akafungua Mwanzo, sura ya kwanza. "Mungu anasema na tumfanye mtu. Anasema na nani? Anaongea peke yake kama mlevi? Ni Baba anazungumza na Mwana na Roho."

"Anazungumza na malaika," akajibu mshenga. "Chifu hasemi na baraza lake? Nenda mstari unaofuata, mzee. Aliyeumba ni mmoja. Malaika walitazama tu."

"Kwa hiyo wewe umeumbwa kwa sura ya malaika?"

"Na wewe una sura tatu?"

Kicheko kililipuka, halafu kikafa vibaya, kwa sababu mzee wetu alikuwa ameshika Biblia kwa namna ya mtu anayetaka kuirusha.

Nikasimama. Nilikuwa na la kusema, na bado ninalo. Habari ile nimeisoma kwa Kiswahili, kwa Kinyakyusa na kwa Kiingereza, na wengi waliokuwa pale hawawezi kusema hivyo. Mungu anapotaka mwanga, anaagiza, unakuja. Anapotaka maji yajae samaki, pamoja na mbasa wa ziwa letu hili, anaagiza, yanajaa. Hashauriani na mtu. Anapofika kwa binadamu ndipo anaposema kama anayeketi kwanza kushauriana. Kama alishauriana na Mwanawe au na malaika, mwandishi hakutuambia, nadhani kwa sababu hakuwa anajibu ugomvi wetu. Alitaka tujue kwamba binadamu ni kitu cha kutafakariwa kabla hakijaguswa. Na ninyi mna binadamu mmoja jikoni, mmemjia yeye, na hakuna aliyemtaja.

Nilifika kwenye samaki tu, nikakatizwa.

"Kaa chini, fundi," mzee wetu akasema. "Umeme na Mungu ni vitu viwili."

Ndani ya nyumba yangu! Chini ya diploma yangu! Na mshenga, adui yake wa dakika moja iliyopita, akatikisa kichwa kukubaliana naye. Ndilo jambo pekee walilokubaliana siku nzima.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na beseni la kunawia.

"Baba," akasema, "mmeshafika kwangu, au bado mko kwenye uumbaji?"

Ndipo mzee wetu akatangaza kwamba binti akibatizwa upya huko ziwani, kanisa letu halimfungishi ndoa. Mshenga akasema asipobatizwa upya, lao nalo halimfungishi. Wakainuka. Kwetu wageni wa posa wakiondoka bila kula, uchumba umekufa, hakuna haja ya kutangaza. Binti alilijua hilo. Alibaki na beseni lake, maji yakicheza.

Bajaji zikawashwa. Baba wa kijana akafika na yake mpaka getini, akashuka, akarudi peke yake.

"Tata," akaniambia, "mimi nina njaa."

Akanawa katika beseni lile lile. Tukala, mimi na yeye, wali umepoa, hakuna aliyeomba kwa sauti. Tulipomaliza tukasema habari ya ng'ombe.

Ndoa ilifungwa bomani. Mke wangu aliambiwa na wazee wa kanisa letu kwamba akienda atatolewa kwenye kwaya na kuzuiwa meza ya Bwana. Usiku kucha hakulala, asubuhi akaivua khanga mpya aliyokwisha kuivaa, akaketi jikoni. Nilimfokea. Nilisema maneno mengi kuhusu nani amejenga jiko lile. Hakunyanyuka.

Huko bomani ofisa akauliza kama kuna anayepinga. Hapakuwa na wa kupinga, maana wapingaji wote walikuwa wamebaki makwao na Biblia zao. Lile la kuambiwa nikae chini naweza kulimeza. Nimeambiwa mabaya zaidi kwenye nchi za watu. Lakini kabla ya kutia saini binti yangu aligeuka akautazama mlango. Akatia saini, akageuka tena. Alikuwa anamtafuta mama yake.