Vishikizo Viwili

Baba yangu ni seremala tangu kabla sijazaliwa, na hadi leo hataki kusikia habari ya vishikizo. Katika karakana yetu ya Kitendaguro, hapa Bukoba, mimi naendesha mashine ya kompyuta inayokata mbao, yeye anamalizia kwa mkono. Kila umbo ninalokata, naacha sehemu chache bila kuzikata hadi chini, zilishikilie umbo lisichomoke kisu kikiwa bado kinazunguka. Hizo ndizo vishikizo. Baadaye yeye huvitoa kwa patasi na kupiga msasa, akinung'unika.

Usharika mmoja wa Muleba ulituagiza herufi za neno USHARIKA, za kupachika juu ya mlango. Ubao walileta wenyewe, wa mvule ulioanguka uani kwao. Hapakuwa na mwingine.

"Weka viwili viwili, tena vyembamba," baba akasema. "Mikono yangu si ya chuma."

"Tata," nikamwita baba kwa Kihaya, "mvule ni mgumu. Viwili havitoshi."

"Nimekata mvule wewe hujaota meno."

Nikachoka kubishana. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka sasa: nilijua, na bado nikaweka viwili.

Herufi nne zilitoka salama, baba akawa ananitazama kwa tabasamu la mshindi. Kwenye R, mzunguko wa mwisho, kishikizo kikakatika. Herufi ikageuka, ikanaswa na kisu, ikaruka ikagonga ukuta. Nilipozima mashine, R ilikuwa imepoteza mguu na kisu kimevunjika.

Baba akaiokota. "Mashine yako haina adabu."

Mashine! Nilitoka nje nisije nikamkosea heshima mzazi wangu.

Tulingoja kisu kipya kutoka Mwanza wiki nzima. Nikamalizia herufi tatu zilizosalia, kisha nikakata R nyingine kwenye kipande kilichobaki, safari hii kwa vishikizo vitano vinene, sikumwuliza mtu. Baba alivichonga asubuhi yote, akilalamika kwa Kihaya ili majirani nao wasikie.

Siku ya kuzipachika, mama mmoja mzee wa kanisa alisimama chini ya ngazi, akasema R ndiyo iliyonyooka kuliko zote.

"Hiyo niliitengeneza kwa mkono," baba akajibu.

Mimi nilikuwa juu ya ngazi, nimeuma misumari mdomoni. Tukirudi Bukoba akaniambia kazi ijayo niweke vitatu, tusizidishe.